Milimita Tano: Kisa cha Garand Iliyonakiliwa Yokosuka, 1944–1945

Kwa nini nimekichagua kisa hiki

Hakuna fundi ambaye hajaletewa kitu mezani akaambiwa, "Nitolee kingine kama hiki." Huenda ni gia ya mashine ya kusaga mahindi, huenda ni spea ya pikipiki ambayo maduka yote yameikosa. Kitu chenyewe kipo, kinashikika, kinapimika, na mteja anaona kazi imeshafika nusu. Fundi mzoefu anajua kwamba hapo ndipo shida inapoanza.

Kisa hiki ni cha kazi ya namna hiyo. Kilitokea katika karakana ya silaha ya Jeshi la Wanamaji la Japani mjini Yokosuka, kusini mwa Tokyo, katika miezi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia. Mezani paliwekwa bunduki ya adui, M1 Garand ya Marekani, na kazi ikawa kutoa ya Kijapani inayofanya kazi ileile. Waliitoa, lakini haikufika vitani, na leo ni miongoni mwa bunduki adimu kabisa za vita vile.

Majina ya wahandisi, maofisa na mafundi waliohusika nimeyaondoa. Ninachotaka tukisome ni maamuzi yao. Mji, miaka na vipimo nimevibakiza, kwa sababu bila hivyo kisa kinageuka hadithi tu.

Usuli

Vita vilipoanza, askari wa miguu wa karibu kila jeshi alikuwa na bunduki ya kukoki kwa mkono. Unapiga, unanyanyua komeo, unalivuta nyuma ganda lidondoke, unalisukuma mbele risasi nyingine iingie, unalilaza, ndipo unapiga tena. Mjapani alikuwa na Arisaka, Mjerumani alikuwa na Mauser, Mwingereza alikuwa na Lee-Enfield. Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) waliovuka bahari na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 hadi kufika Kalewa mwezi Desemba, walipambana na Wajapani kwa bunduki za kukoki, na Wajapani wakawajibu kwa bunduki za kukoki. Katika msitu ule hakuna upande uliokuwa umemzidi mwenzake kwa bunduki ya mkononi.

Visiwani Pasifiki hali ilikuwa tofauti. Marekani ilikuwa imempa askari wake wa kawaida bunduki inayojikoki yenyewe. Mbunifu wake, John Garand, alizaliwa Quebec, Kanada, akaingia karakana ya serikali ya Springfield, Massachusetts, mwaka 1919, na bunduki yake ikapitishwa rasmi Januari 1936. Hadi vita vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 4.

Inafanya kazi hivi. Risasi inapokaribia mdomo wa mtutu, gesi kidogo inapenya kwenye tundu dogo na kusukuma fito refu kwenda nyuma. Fito linalizungusha komeo, meno mawili ya komeo yanaachia, ganda tupu linarushwa nje. Springi inalirudisha fito mbele, komeo linaokota risasi mpya, linaisukuma kwenye chemba na kujifunga. Kidole kinachobakiwa na kazi ni kile cha kifyatuo tu.

Risasi zenyewe, 8, hukaa ndani ya klipu ya chuma ambayo huzamishwa nzima katika tumbo la bunduki. Ya nane ikishapigwa, klipu huruka juu yenyewe. Klipu hii ndiyo kiini cha kisa chote, na historia yake inafaa kujulikana. Garand wa awali alibunia risasi ndogo ya kaliba ya inchi 0.276, na klipu yake ilibeba 10. Mwaka 1932 Douglas MacArthur, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu, aliagiza ibaki risasi kubwa iliyokuwa imejaa maghalani, .30-06. Bunduki ikabidi ifumuliwe ipokee risasi ndefu na nene zaidi, na 10 zikawa 8. Kwa hiyo mbunifu mwenyewe, katika karakana yake mwenyewe na wakati wa amani, alishaonja uchungu wa kubadilishiwa risasi. Miaka mingine minne ilipita kabla kazi haijapitishwa.

Japani haikuwa imelala. Katika miaka ya 1930 jeshi lake la nchi kavu lilijaribu bunduki zinazojikoki, zikiwemo zilizofuata muundo wa Pedersen wa Marekani, yule aliyeshindana na Garand, na nyingine zilizofuata ZH-29 ya Chekoslovakia. Hakuna iliyopitishwa. Vita vya China vilipopamba moto mwaka 1937, fedha na mashine zilielekezwa kwenye silaha zilizokwisha kujulikana.

Jambo la mwisho la usuli ni risasi za Kijapani. Arisaka ya zamani, Aina ya 38, ilitumia kaliba ya milimita 6.5. Mwaka 1939 ikaja Aina ya 99 yenye kaliba ya 7.7. Namba 99 hutokana na kalenda ya kifalme: 1939 ulikuwa mwaka 2599, 1944 ukawa 2604, 1945 ukawa 2605. Ndiyo maana bunduki ya kisa chetu huitwa Aina ya 4 au Aina ya 5. Majina yote mawili yanatumika kwa bunduki moja. Tena 7.7 yenyewe haikuwa moja. Ya bunduki ya Aina ya 99 haikuwa na ukingo uliotokeza kwenye tako la ganda, ilhali bombomu la wanamaji lililonakiliwa kutoka Lewis ya Kiingereza lilipiga 7.7 yenye ukingo, na hizo mbili haziingiliani. Jeshi la nchi kavu na la wanamaji yalikuwa na karakana zao, bajeti zao na ugomvi wao, na gharama yake ilionekana hata kwenye sanduku la risasi.

Mambo yalivyokwenda

Garand zilianza kuangukia mikononi mwa Wajapani Ufilipino. Majeshi ya Bataan yaliposalimu amri Aprili 1942, na ngome ya Corregidor mwezi uliofuata, silaha zao zilibaki kwa mshindi. Kwa hiyo sampuli hazikukosekana.

Hatua ya kwanza ya wanamaji ilikuwa ya busara, na ndiyo ambayo fundi yeyote angeianza: tusitengeneze kitu kipya, tujaribu kuifanya bunduki iliyotekwa ile chakula chetu. Risasi ya 7.7 ya Aina ya 99 na .30-06 ya Marekani ni kama ndugu wa baba mmoja. Unene wa tako la ganda unakaribiana sana. Nguvu zao hazipishani sana. Bunduki iliyohimili moja ina mwili wa kuhimili nyingine. Wakajaribu, na upande wa mtutu na chemba mambo yakakubali.

Klipu ikakataa.

Ziweke risasi hizo mbili mezani, zimesimama kwa matako yake. Ganda la Kimarekani lina urefu wa milimita 63, la Kijapani 58. Risasi nzima ya Kimarekani inafika kama milimita 85 kutoka tako hadi ncha. Ya Kijapani inaishia karibu 80. Kwa macho ni tofauti ya unene wa penseli, na mtu mwenye haraka atasema zinalingana. Lakini klipu ya Garand haibebi risasi tu. Midomo yake ndiyo inayoamua risasi ielekee pembe gani, ncha yake iguse wapi, na iachiwe wakati gani komeo linapopita juu yake. Risasi iliyo fupi kwa milimita 5 inaachiwa mahali pengine kuliko pale alipopakusudia Garand. Ncha inagonga palipo pengo, tako linainuka kabla ya wakati, na komeo linakuta risasi imekaa mshazari.

Hatua ya pili ikawa uamuzi mkubwa wa kisa: kuitupa klipu na kuweka magazini ya kudumu yenye risasi 10, inayojitokeza kidogo chini ya kitako mbele ya kifyatuo. Juu ya mwili wa bunduki pakachongwa njia ya kupokea kibamba kilekile cha risasi 5 alichokuwa nacho mfukoni kila askari wa Arisaka. Kibamba kimoja, kidole gumba kinabana, tano zinashuka. Kibamba cha pili, tano nyingine. Bunduki imejaa.

Karakana iliandaa bunduki takriban 250. Si zote zilizounganishwa. Nyingine zilibaki vipande. Majaribio yalikwama mara kwa mara kwa sababu ya risasi kukwama na mfumo wa kulisha kutotulia. Wakati huohuo nchi ilikuwa inazingirwa. Tangu Machi 1945 ndege za Marekani zilitega mabomu ya majini kwenye njia za meli za Japani, na usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi huohuo Tokyo iliteketezwa kwa moto. Tarehe 18 Julai ndege zilizoruka kutoka manowari za kubeba ndege zilishambulia bandari ya Yokosuka yenyewe. Agosti 30 wanajeshi wa Marekani wakashuka pale pale, na Septemba 2 hati ya kusalimu amri ikatiwa saini katika ghuba ileile ya Tokyo. Bunduki hazikuwa zimegawiwa kwa kikosi chochote.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kubaki na 7.7 haukuwa na mjadala. Risasi ya Kimarekani ilipatikana kwa kuteka tu, na hakuna jeshi linaloweza kupanga vita kwa risasi za kubahatisha. Watu huwalaumu wanakarakana kwamba wangenakili kila kitu pamoja na risasi, na mimi naona lawama hiyo haina msingi. Kiwanda cha risasi ni kikubwa kuliko kiwanda cha bunduki. MacArthur alifanya hesabu hiyohiyo mwaka 1932 akiwa na nchi tajiri nyuma yake.

Kuiacha klipu kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni hizo milimita 5. Ya pili ni kwamba klipu ya Garand ni kifaa chenyewe: bamba la chuma lililokunjwa, lenye unyumbufu wa springi, linalotakiwa moja kwa kila risasi 8. Ili bunduki laki moja zipige, unahitaji mamilioni ya klipu ambazo hazina kazi nyingine yoyote. Vibamba vya risasi 5 vilikuwa vimeshasambaa kila kisiwa.

Ila uamuzi huu ulikuwa na bei ambayo haionekani mtu akiitazama bunduki kwa nje. Ndani ya Garand, springi moja inafanya kazi mbili. Ndiyo inayolirudisha fito mbele, na hiyohiyo, kwa kupitia mikono midogo ya chuma, ndiyo inayozisukuma risasi juu. Vile vipande vya tumboni vimeshikana kama familia: kimoja kinashika klipu, kingine kinalizuia fito nyuma klipu ikiwa imetoka, kingine kinaongoza ncha ya risasi. Ukiitoa klipu, umewaondolea wote sababu ya kuwepo. Magazini ya risasi 10 ikahitaji msukumo wake wenyewe. Kwa hiyo wanakarakana walinakili nusu ya mbele ya Garand, lakini nusu ya tumboni ilibidi waibuni upya, tena bila kuwa wameipangia muda wa kubuni.

Komeo na mfumo wa gesi waliviacha kama vilivyo, na hapo walifanya vyema. Kitu kilichokwisha kupiga mamilioni ya risasi katika matope na mchanga hakihitaji kuongezewa akili mpya.

Kilenga shabaha walikibadilisha. Cha Garand ni tundu dogo nyuma ya mwili wa bunduki, lenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha masafa na kingine cha upepo. Ndani yake mna skrubu nyembamba na meno madogo ya kubana. Ni kizuri mno, na kinakula saa za mashine. Badala yake wakaweka jani la chuma lenye kiteleza, la mtindo wa Arisaka, ambalo mafundi wao walikwisha kulizoea. Baadhi ya waandishi huuona uamuzi huu kama udhaifu. Mimi nauona kama uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki: walijua wapi pa kupunguza bila kuigusa kazi ya bunduki.

Matokeo

Kwa maana ya kijeshi, matokeo ni sifuri. Hakuna askari aliyebeba bunduki hii vitani. Kwa maana ya ufundi, karakana iliyokuwa chini ya mabomu ilifanikiwa kuitengeneza upya moja ya bunduki ngumu za zama zake, ikiwa na magazini tofauti na risasi tofauti, kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Baada ya vita Wamarekani walizichukua zilizosalia. Baadhi zimo katika makumbusho na nyingine mikononi mwa wakusanyaji. Anayezitazama kwa karibu anaona chuma kilichochongwa kwa uangalifu kuliko Arisaka nyingi za mwaka huohuo, zile za mwisho zenye alama za patasi zisizosuguliwa, kibati cha kitakoni kilichogeuzwa ubao, na kilenga shabaha kilichopunguzwa hadi tundu moja lisilosogea.

Tofauti hiyo inaniuma kila ninapoifikiria. Mikono ya kuifanya kazi nzuri ilikuwepo. Katika nchi ileile, mwezi uleule, ustadi uliwekwa kwenye bunduki 250 zisizofika vitani, ilhali askari aliyekuwa kisiwani alipokea bunduki iliyotolewa harakaharaka.

Uchambuzi

Kwanza, kwa nini kulisha risasi ndiko kulikoshinda, na si mtutu wala komeo? Katika bunduki ya kukoki, mkono wa askari ndio fundi wa mwisho. Risasi ikikwaruza, mkono unahisi, unarudi nyuma kidogo, unasukuma tena. Kasoro ndogo za magazini hufichwa na mkono huo, na askari hata hajui kama zipo. Bunduki inayojikoki haina mkono wa kuhisi. Komeo linakwenda kwa kasi ileile kila mara, na linataka risasi iwe imekaa mahali palepale kila mara. Magazini nayo haina tabia hiyo. Ikiwa imejaa 10, springi imebanwa na risasi zinasukuma juu kwa nguvu, zinalikwaza komeo. Zikibaki mbili, springi imelegea, na huenda risasi haijapanda vya kutosha komeo linapopita. Lazima utafute springi na midomo ya magazini inayokubali hali zote mbili, na njia ya kuitafuta ni moja: kupiga, kuhesabu zilizokwama, kubadilisha, kupiga tena, maelfu ya risasi. Kazi hiyo hainakiliwi kutoka kwa sampuli. Sampuli inakupa jibu lililopatikana kwa swali la mtu mwingine.

Na hata mwenye swali mwenyewe anaweza kulipoteza jibu. Garand za kwanza za kiwandani zilikuwa na ugonjwa wa ajabu: risasi ya saba ilikwama, si ya tano wala ya nane. Zile zilizotengenezwa moja moja na mafundi wa majaribio hazikuwa nao. Chanzo kilikuwa ukuta mdogo wa chuma ndani ya mwili wa bunduki, unaoiongoza risasi inapopanda, ambao mashine mpya za kiwanda zilikuwa zikiula kupita kiasi. Chuma kilipobakizwa pale, ugonjwa ukaisha. Nani angelijua umuhimu wa kipande hicho kwa kukitazama? Kilitoka mikononi mwa mafundi wa mji uleule, wenye michoro ileile, na bado kikapotea njiani. Sasa mtu aliyeko upande wa pili wa bahari, mwenye bunduki iliyotekwa na kipimo, atajuaje ni ukuta upi wa kuheshimu na upi ni pambo?

Pili ni chuma chenyewe. Unaweza kupima urefu, upana na kina cha jino la komeo, ukapata namba hadi sehemu ya mia ya milimita. Namba hizo hazikwambii chuma kiliwashwa hadi joto gani, kilizamishwa kwenye nini, kikapozwa kwa muda gani. Wahunzi wetu wanajua: jembe mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja ikakunjika msimu wa kwanza na nyingine ikarithiwa na watoto. Springfield yenyewe ilijifunza hili kwa damu. Katika bunduki yake ya awali, M1903, miili ya bunduki ilikuwa ikipashwa moto na mafundi waliokadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma. Siku ya jua kali chuma chekundu huonekana hafifu kuliko kilivyo, fundi anaongeza moto, na chuma kinaungua. Bunduki kadhaa zikapasuka mikononi mwa watu. Walipoweka vipimajoto, waligundua kosa lao lilikuwa kubwa mno, na mwaka 1918, bunduki zikiwa zimefika namba karibu 800,000, wakabadilisha utaratibu wote. Garand ilizaliwa katika nyumba iliyokwisha kupita shule hiyo. Bunduki iliyotekwa Bataan ilibeba matunda ya shule, lakini daftari lenyewe lilibaki Massachusetts.

Tatu, wakati. Hapa ndipo kosa la kweli lilipo kwa maoni yangu, na halikufanywa na wanakarakana. Sampuli zilikuwepo tangu 1942. Kabla ya hapo palikuwa na majaribio ya miaka ya 1930, yaliyowapa mafundi wa Kijapani uzoefu wa bunduki zinazojikoki. Uzoefu huo ulikuwa wa jeshi la nchi kavu. Kazi ya 1944 ikawa ya wanamaji, katika karakana ya wanamaji, ikaanza Japani ikiwa imeshapoteza visiwa na meli za kuleta malighafi. Kunakili kunachukuliwa kama njia ya mkato, na kiongozi aliyechelewa huipenda kwa sababu hiyo. Anadhani anaponunua sampuli amenunua na miaka iliyotumika kuitengeneza.

Wengine waliojikwaa, na mmoja aliyepita

Asije mtu akasema hili lilikuwa tatizo la Kijapani. Wamarekani, wenye viwanda vinavyofanya kazi usiku na mchana bila bomu hata moja kuwaangukia, walilikwaa jiwe hilohilo. Walilipenda bombomu la Kijerumani, MG 42, wakaamua kulinakili lipige .30-06 yao. Jina la jaribio lilikuwa T24. Kazi ilipewa kampuni ya vipuri vya magari, ikatoa mifano, na mwanzoni mwa 1944 ikapelekwa uwanja wa majaribio wa Aberdeen, Maryland. Jaribio lililopangwa la risasi 10,000 lilisimamishwa baada ya risasi zisizofika 1,500, kwa sababu bombomu lilikwama takriban mara 50. Walipochunguza, ganda la Kijerumani lina urefu wa milimita 57, la Kimarekani 63, na mwili wa bombomu haukuwa umerefushwa vya kutosha kuipisha tofauti hiyo. Risasi ya Kijapani ilikuwa fupi mno kwa bunduki ya Kimarekani. Risasi ya Kimarekani ikawa ndefu mno kwa bombomu la Kijerumani. Mradi ukaachwa.

Mjerumani naye alikuwa na shida ya bunduki inayojikoki. G41 yake iliikamata gesi mdomoni mwa mtutu kwa kifuniko kizito kilichojaa masizi na kutu, na askari hawakuipenda. Vitani Mashariki akakutana na SVT-40 ya Kisovieti. Hakuinakili. Aliuchukua mfumo wake wa gesi peke yake, ulio juu ya mtutu, akaupachika kwenye bunduki yake mwenyewe, yenye komeo lake, risasi yake ya 7.92 na mwili uliokuwa tayari kwenye mashine zake. Hiyo ikawa G43, na zikatoka zaidi ya 400,000. Tazama alichokiacha: risasi haikubadilika, na komeo lilibaki la kwake. Magazini aliibadilisha ikawa ya kuchomoka, lakini kwa risasi ileile, na alichokiazima kikawa mbele, kwenye gesi, mahali ambapo urefu wa ganda hauna neno.

Yokosuka walifanya kinyume chake hasa. Waliyachukua mambo ya mbele kama yalivyo, na ikabidi walibadilishe tumbo. Sidhani walikuwa na chaguo pana, kwa kuwa Arisaka haikuwa na mwili wa kupachikwa gesi kirahisi. Lakini ningekuwa na mwanafunzi mbele yangu leo, ningemwekea risasi mbili mezani, ya milimita 58 na ya milimita 63, pamoja na picha ya klipu ya Garand, nikamwuliza swali moja kabla hajagusa kalamu: kati ya vyote ulivyoletewa, ni kipi kinachokutana na kile usichoweza kukibadilisha? Aanzie hapo kupiga hesabu ya muda, na muda wa majaribio auweke mkubwa kuliko muda wa kuchonga.

Huko Springfield, ugonjwa wa risasi ya saba ulitibiwa mwaka 1940. Marekani iliingia vitani Desemba 1941.